Vibanio Mgongoni

Filamu za siku zile zilikuwa za picha thelathini na sita, na wateja hawakuja kwa hesabu hiyo hata siku moja. Asubuhi wanakuja watu wa kitambulisho, baadaye familia iliyotoka kubatiza, halafu unafika wakati wa kusafisha filamu, watu wanataka picha zao kesho bila maneno mengi, na mwishoni mwa filamu bado una nafasi tatu au nne tupu. Kungoja zijae ni kutafuta matusi. Wapiga picha wengine wa Kisumu walizimalizia kwa kupiga barabara, au mbwa, au mlango wao wenyewe. Mimi nilizimalizia kwa rafiki yangu, fundi wa nguo. Ndiyo sababu ukifungua maboksi yangu ya negativu leo, utamkuta mwishoni mwa harusi za watu na mwishoni mwa matanga ya watu, anacheka.

Studio niliachiwa na marehemu mume wangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye mtaa wa nyuma, si mbali na soko. Hatukujaliwa mtoto. Ndugu zake walikuja kuchukua kamera, nikasimama mlangoni na kisu cha kukatia karatasi za picha, nikawaambia anayeitaka aingie. Hawakuingia. Ukali ulinibakishia kamera, haukunibakishia mtu wa kula naye. Nilikuwa narudi chumbani kwangu Kaloleni, nafunga mlango, nawasha redio ili kuwe na sauti ya mtu, kisha nakata sukuma wiki nusu fungu na nusu nyingine nampa mama wa chumba cha pili, maana ya kesho ingenyauka. Nilikuwa mpweke, na sioni kwa nini nilitafutie jambo hilo jina la kupendeza.

Fundi alikuwa kwenye veranda ya jengo lilelile, yeye na cherehani yake, miguu juu ya kanyagio tangu asubuhi. Hakuwa wa kushona leo gauni la jana. Alikaa na kitambaa magotini, akakikodolea macho, akakigeuza, halafu bila kuchora chochote akaingiza mkasi mahali ambapo wewe ungeshika kichwa. Alibuni mikono iliyovimba mabegani kisha ikabana kwenye viwiko. Alibuni kola za tabaka tatu, na mikunjo iliyofichwa kiunoni ambayo ilionekana tu mwenye gauni akitembea. Wanawake wa kwaya walitoka hata Ahero kuja kushonewa. Yeye mwenyewe alivaa gauni la kahawia lililofifia, na utepe wa kupimia shingoni.

Kwao husema Dholuo, mimi ni mtu wa Maragoli, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, yeye akikivunja upande huu na mimi nikikivunja upande ule. Aliniita Mama Picha. Mimi nilimwita Fundi. Hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Fundi alikuwa na mtoto mmoja, msichana. Yeye Fundi aliolewa upande wa Muhoroni, ndani kabisa kwenye mashamba ya miwa, na ng'ombe wa mahari walitoka wote. Kipigo kilipomshinda akaondoka, mtoto akabaki, maana ng'ombe wakishalipwa mtoto ni wa boma la baba yake. Alimwacha bado anabebwa mgongoni. Alirudi kumwona, mama mkwe akamfukuza njiani mbele ya watu waliotoka kanisani. Akatuma barua, barua zikawashiwa moto wa uji.

Picha moja ndogo iliyokuwa ndani ya barua ndiyo haikuchomwa. Yule mama mkwe, bibi wa mtoto, aliogopa. Picha ya mtu aliye hai, alisema, huichomi wala huichani, mwenyewe akija kupatwa na jambo watakuuliza wewe. Habari hiyo tuliletewa na mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, aliyekuwa akienda soko la Muhoroni kila wiki, na yeye ndiye aliyekubali kupeleka nyingine. Fundi aliposikia, aliondoa miguu kwenye cherehani.

"Basi atanijua kwa picha," akasema. "Siku akinikuta njiani, ajue huyu ni mama. Hiyo tu, Mama Picha. Mimi sitaki kingine."

"Vaa vizuri basi, nina nafasi mbili zimebaki," nikamwambia.

"Na hii ya kahawia? Wacha wee! Wamemwambia nimekimbilia Kisumu kuhangaika. Anione nahangaika kweli?"

Akaenda veranda, akarudi na gauni la mteja.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hivyo ndivyo tulivyoendelea miaka na miaka. Gauni likiisha kushonwa na kupigwa pasi, kabla mwenyewe hajalifuata, Fundi alikuwa analivaa kwa nusu saa, saa nane mchana, wakati jua la Kisumu limewafukuza watu wote barabarani. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wenye miili yao, na yeye alikuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia. Kwa hiyo nilimkaza kwa nyuma na vibanio vya nguo, vile vya mbao, kutoka shingoni hadi kiunoni. Kwa mbele ungesema gauni limekatwa juu ya mwili wake. Kwa nyuma, lo! Alikuwa kama samaki mwenye miiba nje.

Sikuwa natumia taa. Nilifungua nusu ya mlango, nikamweka kwenye kiti pembeni ya mwanga, nikatundika shuka jeupe upande wa pili ili uso usizame kwenye kivuli. Halafu vita vinaanza.

"Inua kidevu. Sio hivyo, sasa umekuwa kuku anakunywa maji."

"Wewe mtu wa milimani, unajua kuku akikunywa maji?"

"Tazama hapa. Hapa! Mbona unatazama kama mtu anayedaiwa sadaka?"

"Piga, vibanio vinaniuma."

"Vikuume. Mabega chini."

Kitu kimoja nilijifunza mapema: usimtaje mtoto. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mfikirie binti yako," nikidhani uso utachangamka. Uso ulizima. Midomo ikatetemeka, macho yakaenda chini, na ile picha niliitupa mwenyewe. Tangu siku hiyo niliongea upuuzi. Niliiga wateja. Niliimba kwa Dholuo changu kibovu, na hapo alikuwa ananitazama moja kwa moja, anafunika mdomo kwa mkono, mkono unashuka, na kicheko kinatoka chote. Hapo ndipo nilipobonyeza. Kila picha iliyokwenda Muhoroni ilikuwa ni Fundi ananicheka mimi.

Nilifurahi, siwezi kusema vingine. Nilifurahi pia baadaye, kwenye chumba cha giza, karatasi ikiwa ndani ya dawa chini ya balbu nyekundu, macho yake yakianza kutokea kabla ya kitu kingine, halafu meno, halafu kola. Nilikuwa namsalimia. "Umefika?" namwambia, peke yangu humo ndani, kama mtu aliyechanganyikiwa. Kisha naning'iniza picha zikauke, Fundi amekwisha kufunga cherehani na kwenda kwake Nyalenda, na mimi narudi kwa redio yangu.

Siku moja alikuwa ndani ya gauni la mke wa mwalimu wa kwaya, mama mnene, wa sauti ya kwanza. Lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye kola ya tabaka tatu. Vibanio vyote nilivyokuwa navyo vilikuwa mgongoni mwake. Nilikuwa na nafasi moja imebaki. Nilipokuwa nasogeza shuka yeye akasimama, akanigeuzia mgongo, akatikisa kiuno ili vibanio vigongane, huku akinitazama juu ya bega na kucheka mpaka macho yakafungwa. Nikabonyeza.

"Uwi! Hiyo usitoe!"

"Sitoi."

"Haki ya Mungu, Mama Picha, ukitoa hiyo nitakufa."

Hapohapo tukasikia sauti ya mke wa mwalimu wa kwaya kwenye veranda, anauliza fundi yuko wapi. Nikamsukuma Fundi ndani ya chumba cha giza na vibanio vyake. Mama yule akaingia, akaketi, akajipepea, akanieleza habari ya magoti yake, habari ya kwaya, habari ya wasoprano wanaochelewa. Nyuma ya mlango nilisikia vibanio vikidondoka kimoja kimoja kwenye sakafu.

"Una panya," akasema mama.

"Wengi," nikasema.

Fundi akatokea mlango wa uani amevaa gauni lake la kahawia, gauni la mteja mikononi limekunjwa vizuri, uso wa mtu wa kanisani. Mama akalipokea, akaliweka shavuni.

"Mbona lina joto hivi?"

"Nimetoka kulipiga pasi sasa hivi, Mama."

Ikabidi nigeukie ukutani na kujifanya natafuta kitu. Mama yule alilipenda gauni hivi kwamba alilivaa palepale, nikafungua filamu mpya na kumpiga picha nalo, na picha yake nikaiweka kwenye fremu ukutani kuvutia wateja. Nilikuwa nafanya hivyo mara nyingi. Fundi alishona, mteja akavaa, mimi nikapiga, na ukuta wangu ukajaa wanawake waliopendeza.

Ile ya vibanio sikuitoa. Ilibaki kwenye negativu tu.

Mwaka ambao magugu maji yalifunika ziwa, ukisimama upande wa Dunga huoni maji bali shamba la kijani, aliingia msichana mrefu studio kwangu wakati wa joto la saa tisa. Alikuwa na mfuko wa plastiki na viatu vipya vilivyomuuma. Kabla hajanisalimia nilimjua. Paji lile la uso nilikuwa nimelitoa kwenye dawa miaka yote.

"Habari yako, Mama. Huyu yuko wapi?"

Akaweka mezani bahasha ya kaki, akazimwaga picha. Zote zilikuwapo. Muhuri wa studio yangu ulikuwa nyuma ya kila moja, ndio uliomleta.

"Amepeleka nguo ya mtu Milimani," nikasema. "Anarudi sasa hivi. Keti, mwanangu."

"Sitaketi. Bibi amekufa. Mimi naenda chuo cha ualimu, na sitaki kwenda na hizi. Mwambie nimemrudishia."

Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyejifunza maneno hayo njia nzima. Akaanza kugusa picha kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Gauni hili. Na hili. Na hili. Kila zikija, Bibi alikuwa ananiita, anasema: Njoo uone mama yako, amebadilisha tena. Mke wa waziri habadilishi hivi. Na wewe unaenda shule miguu mitupu. Tazama anavyokucheka." Akafunga mfuko wake mtupu. "Mwambie asitume tena. Gari ya Muhoroni inaondoka."

Miaka yote ile! Lile shuka, vile vibanio, ule mwanga wa mlangoni! Tulitaka mtoto asimwonee mama yake haya, tukampelekea mama tajiri aliyemtelekeza. Na Fundi yuko njiani anarudi na utepe wake shingoni, hajui kwamba kitu pekee anachokitaka duniani kimesimama kwenye studio yangu kikitaka kuondoka.

Nilipiga meza kwa kiganja hadi chupa ya dawa ikaruka.

"Keti!"

Akaketi. Nadhani hakuwahi kukemewa na mtu wa Maragoli.

Nikatoa ukutani fremu ya mke wa mwalimu wa kwaya, nikaiweka mbele yake. "Huyu unamjua?"

"Hapana."

"Mtazame gauni."

Alitazama. Akachukua picha ya mama yake yenye kola ya tabaka tatu, akaiweka karibu. Nikatoa fremu nyingine, ya muuguzi mmoja. Nikatoa ya bibi harusi wa Kibos, ya mama mwenye duka la mitumba, nikazipanga moja baada ya moja, na yeye mwenyewe akaanza kuzilinganisha na zake bila kuambiwa. Mikono ile ile iliyovimba. Kola ile ile.

"Hizi nguo ni za hawa?"

"Za hao. Mama yako alizishona. Hajawahi kuwa na hata moja. Ana gauni la kahawia, utaliona."

"Alikuwa anavaa nguo za watu?" Aliuliza polepole. "Kwa nini?"

"Ili usije ukamwonea haya."

Nikaenda kwenye maboksi. Nilivuta filamu mbili za matanga ya watu wengine kabla ya kuipata. Nikampeleka mlangoni kwenye mwanga, nikamwinulia ile ya mwisho. Kwenye negativu kila kitu kimegeuka, meno meusi, nywele nyeupe, lakini mtu akiitazama vizuri anaona. Aliisogeza karibu na jicho.

"Hivi mgongoni ni nini?"

"Vibanio vya nguo."

"Vya kuanikia?"

"Vya kuanikia. Vyote vilikuwa vyangu."

Akafunika mdomo kwa mkono. Nikamwona Fundi mzima mzima amesimama pale mlangoni, miaka kumi na mitano nyuma. Kisha mkono ukashuka, na uso ukawa wa mtoto.

"Mama," akaniita. "Nilipokuwa mdogo, kabla sijaanza kumsikiliza Bibi, nilifikiri anayechekewa ni mimi. Nilikuwa naiweka picha kwenye ukuta wa jikoni, nakaa mbele yake, nami nacheka." Akanitazama sawasawa. "Wewe ulikuwepo. Alikuwa anacheka na nani?"

Barabarani mtu alikuwa anasukuma mkokoteni. Nikausikiliza hadi ukapita. Sikuwa na mume, sikuwa na mtoto. Nilikuwa na kicheko kile, na ushahidi wake maboksi na maboksi, kwamba kuna mtu hapa Kisumu alifurahi kuniona.

"Na wewe," nikasema. "Kila nilipotaka acheke, nilikutaja wewe."

Ndipo akalia.

Fundi alifika na vumbi miguuni, ndani ya gauni lake la kahawia, akaanza kulalamika juu ya mteja wa Milimani kabla hajavuka kizingiti. Msichana akasimama.

"Mama," akasema.

Alimjua. Fundi hakumkumbatia. Alisimama, mdomo wazi, akitazama mtu mrefu kuliko yeye. Halafu akavuta utepe shingoni mwake na kuanza kumpima: mabega, mkono, kifua, kiuno, akitaja namba kwa sauti, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na msichana akainua mikono apimwe. Niliingia chumba cha giza nikafunga mlango. Kamera ilikuwa mezani, ina nafasi zimebaki, na sikuigusa.

Binti alipomaliza chuo alipata kazi ya kufundisha karibu na Katito, akapanga nyumba sokoni, akamwita mama yake. Fundi alikuja na habari hiyo ameshika kitambaa cha mtu, anakikunja na kukikunjua.

"Sasa wewe nitakuacha na nani, Mama Picha?"

"Na kamera yangu. Nenda, mtu anakungoja. Unataka nikusindikize na kisu?"

Akacheka. Sikumpiga picha. Tulibeba cherehani mpaka kwenye gari, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, tukigombana njia nzima, kila mmoja akisema mwenzake hashiki vizuri. Kesho yake veranda ilikuwa na alama nne kwenye saruji mahali cherehani ilipokaa. Mwenye jengo akapangisha pale kwa mtu wa kutengeneza redio, mtu mzuri, hana maneno. Nafasi za mwisho za filamu nikawa nazimalizia kwa barabara, na mbwa, na mlango wangu mwenyewe.

Nilichelewa kwenda Katito. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo, kwa sababu nilijua nitakwenda na nitarudi peke yangu. Nilipokwenda, nilikuta picha zote ziko ukutani kwenye fremu, pamoja na ile ya vibanio, ambayo binti aliniomba nikamtolea. Katikati ya zote hakukuwa na hata moja yenye watu wawili. Isingewezekana, mmoja wetu alikuwa nyuma ya kamera siku zote.

Kulikuwa na mgeni mwingine siku hiyo, mwalimu mwenzake binti. Amekaribishwa kiti kizuri, anashangaa ukuta.

"Mama yako alikuwa na furaha jamani," akasema mgeni. "Katika zote anacheka."

"Alikuwa ananicheka mimi," binti akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kitu ambacho nyumba nzima inakijua. "Walikuwa wananitaja, basi anacheka. Muulize Mama Picha, ndiye alikuwepo."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Yeye alijua. Nani angejua zaidi yake? Alijua kwamba jina la mtoto lilikuwa haliguswi mle studio, na alijua ni nani aliyekuwa akimwimbia Dholuo kibovu. Akanitazama juu ya kichwa cha binti yake, moja kwa moja, kama saa nane zile. Hakufunika mdomo.

"Ni kweli," nikamwambia mgeni. "Ndivyo ilivyokuwa."

Fundi akaingia, akampita mgeni, akampita binti yake, akanimiminia chai mimi kwanza. Mkono wake mwingine aliuweka begani kwangu, na kikombe kilipojaa hakuutoa.